Nilivyomkimbia Mama Nyambura Hadi Karamoja

Tangu nirudi mmeniuliza safari ilikuwaje, nami nimewajibu "ilikuwa poa" kisha nikabadilisha mada. Haikuwa poa. Naandika mara moja nisije nikairudia kwa kila mtu, na pia kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo huwa naifupisha pale pale panapoumiza. Mambo ya pasipoti na vibali nayaruka. Hayo yalienda sawa. Yaliyoharibika hayakuhitaji kibali cha mtu.

Kwa wale wasiojua: mimi na Nyambura tulisomea wanyamapori darasa moja, na tumekuwa pamoja tangu mwaka wa tatu. Mimi kwetu ni Bungoma. Kwao ni Kitale, mtaa wa Tuwan, ingawa babu zake walitoka Nyeri. Mama yake ni mpishi wa kambi ya uwindaji huko Karamoja, upande wa Uganda, ambako watu huruhusiwa kuwinda kwa kulipia. Mvua ikianza gari halifiki huko, kwa hiyo watu na chakula hupelekwa kwa ndege ndogo kutoka Kitale. Mwaka huu kambi ilitafuta msaidizi wa meneja, kwa majaribio ya wiki mbili, na mama mwenyewe ndiye aliyetaja jina langu.

Nyambura aliponipa habari hiyo hakunizungusha. "Kazi ni kazi," alisema, "lakini mama anataka kukuona wewe ni mtu wa aina gani. Akikukataa, Barasa, mimi sitapigana na mama yangu."

Kwa hiyo nilijua ninachokwenda kutafuta. Kazi ilikuwa ya pili.

Bungoma hadi Misikhu

Niliondoka nyumbani asubuhi na jirani anayepeleka vitunguu Kitale kwa pikapu. Tungefika mapema, ila alikuwa na magunia ya kushusha Misikhu, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Pikapu ikakwama katikati ya watu na mikokoteni. Nikashuka kwenda kumsalimia shangazi yangu, ambaye sisi humwita Senge. Ana meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, hapo sokoni, na ana maoni juu ya kila kitu.

Aliniuliza naenda wapi na begi, nikamwambia. Akauliza naenda na nani. Nikamwambia naenda na mama yake Nyambura, kwa ndege. Akaacha kupima omena, na mteja akabaki amefungua mfuko.

"Wewe na mama mkwe wako, ndani ya ndege moja?"

Nikamwambia bado si mama mkwe, hata wazee hawajaenda.

"Umetaka binti yake au hukutaka?"

"Nimetaka."

"Basi ni mama mkwe. Ati wazee hawajaenda. Wazee wakikosa kwenda ndio unataka umshike mkono? Ukimwangalia usoni umemvua nguo, Barasa. Na mimi sitakuwa hapo kumfunika."

Kwetu mambo haya mnayajua, lakini si nyote mnaosoma ni watu wa kwetu. Mwanaume wa Kibukusu hamshiki mkono mama wa mke wake. Hamkazii macho, hali naye meza moja, halali chini ya paa lake, hakai naye kiti kimoja. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Kule si kumchukia, ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Huendelea hivyo mpaka siku wazee wanapokwenda rasmi, mkwe akapeleka blanketi, yakasemwa maneno yanayostahili kusemwa. Baada ya hapo watu hupumua. Baba yangu, ambaye ni mtu wa kanisa, husema hayo yalikwisha zamani. Lakini hata yeye sijawahi kumwona akila mbele ya nyanya yangu mzaa mama.

Kutoka Misikhu mpaka Kiminini sikuona barabara. Nilikuwa napiga hesabu. Kama ni mkwe nami nisimheshimu, nimeharibu. Kama si mkwe nami nikamheshimu, hakuna aliyeumia. Kwa hiyo heshima ndiyo njia salama. Niliirudia hesabu hiyo mara mbili nikaiona safi kabisa. Sikukumbuka kwamba mtu wa pili katika hesabu ni Mkikuyu wa Tuwan, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba ukimkimbia unamheshimu.

Nilimwandikia Nyambura ujumbe wa kumuuliza. Alikuwa Eldoret kwenye kazi ya muda. Nikausoma, nikaona nitaonekana mtu wa kale, nikaufuta. Nikaandika mwingine. Nikaona nitaonekana nimemwogopa mama yake, nikaufuta pia. Mwishowe nikamtumia "niko njiani", naye akanijibu kwa moyo mwekundu.

Tuwan

Mama Nyambura alinifungulia mlango mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kilemba cha maua na mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Mkono mmoja ulikuwa tayari umenyooshwa kuelekea kwangu.

Nikarudi nyuma hatua kadhaa nikakanyaga karai la maharagwe aliyokuwa ameloweka kando ya mlango.

"Ngai," akasema. "Umeumia?"

Nikasema hapana, shikamoo mama. Niliyasema hayo nikitazama kizingiti. Maharagwe yalikuwa yameingia kwenye kiatu. Mkono wake ulikaa hewani kidogo, kisha akaufuta kwenye leso kama aliyekumbuka kwamba una maji.

Alikuwa amepika. Mukimo wa viazi na mahindi, kuku wa mchuzi, na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nywele. Meza ilikuwa na sahani mbili. Nikamwambia nimeshiba, nimekula njiani, na tumbo langu likanguruma papo hapo kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Akaifunika sahani yangu kwa sahani nyingine. Baadaye akaniambia nitalala kwenye chumba cha kaka yake Nyambura, ametandika. Nikamwambia nina ndugu karibu na stendi, ananingoja. Sikuwa na ndugu Kitale. Nilichukua chumba cha kulala wageni chenye taa isiyozimika, nikakaa kitandani nikila mkate mkavu na kujiambia kwamba siku ya kwanza imepita bila kosa.

Namkumbuka akiwa mlangoni wakati naondoka, na foronya mpya mkononi, bado na mikunjo ya dukani. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Muda wote huo kila kitu chake nilikiona kwa pembe ya jicho.

Uwanja wa ndege, Kitale

Asubuhi wingu lilikuwa limelala juu ya uwanja kama godoro. Rubani, kijana wa Nairobi aliyesema tumwite Deno, alitusalimia "niaje" sote wawili bila kubagua umri, akatuambia haoni hata mwisho wa uwanja, tungoje.

Tukangoja. Alitupima kwa mzani wa magunia ya viazi, sisi na mizigo. Mimi nilikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na Deno akasema, "Bro, hizo ni degree ama ni ugali?" Mama Nyambura akacheka. Kicheko chake kizuri, cha kutoka tumboni. Nilitaka kucheka pia, nikajizuia, kwa sababu sikujua kama kucheka pamoja kunahesabika kama kula pamoja.

Kisha akafungua kikapu. Chupa ya chai, nduma zilizochemshwa, mayai, chumvi kwenye karatasi. Na vikombe viwili. Akamimina vyote viwili, akasukuma kimoja upande wangu wa benchi. "Kunywa, kijana. Huko juu ni baridi."

Nikasimama nikasema naenda kuangalia wingu. Niliangalia wingu nikiwa nyuma ya mapipa ya mafuta kwa muda mrefu sana, nikisikia harufu ya chai. Niliporudi Deno alikuwa anakunywa kikombe changu na kumenya yai la pili, akimsifu mama kwamba nduma kama hizo Nairobi hakuna. Mama alikuwa amekaza macho kwenye njia ya ndege. Alikuwa anabonyezabonyeza kifuniko cha chupa, akikifungua na kukifunga. Nilidhani ni hasira. Kumbe ilikuwa hofu, ila hilo nililijua baadaye.

Wingu lilipoinuka Deno akatupanga. Viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa, nafasi yote imejaa kreti za nyanya, kabichi ndani ya neti, trei za mayai. Kiti cha mbele kando yake kilikuwa na vipuri vya gari la kambi vilivyofungwa kwa mikanda. Vilibaki viti viwili vya katikati, vimegusana. Nikamvuta Deno pembeni nikamwomba nikae na kabichi.

"Kabichi iko na mahali yake," akasema. "Wewe uko na yako. Hii kitu ni kama mzani, bro, ukisumbua uzito tunaangukia Wapokot. Kwani buda, mathe ananuka?"

Alisema hivyo juu ya mama kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Niligeuka nikaona viatu vya Mama Nyambura vimesimama karibu nasi. Havikuondoka haraka.

Angani

Ndege ndogo si kama basi wala si kama zile mnazoziona zikipita juu. Unakaa ndani yake kama uliyeivaa. Bega la mtu wa pembeni ni bega lako. Niliweka begi langu katikati yetu, nikajibanza kwenye dirisha mpaka shavu likashika baridi ya kioo. Chini kulikuwa na mashamba ya mahindi yaliyokatwa vipande vipande, halafu ardhi ikaanza kubadilika rangi, ikawa ya kahawia, na Mlima Elgon ukawa upande wa kushoto, na upepo ukaanza kutoka huko.

Kwanza tulitikisika. Kisha ndege ikadondoka. Siwezi kueleza vingine: kiti kilikuwepo, kikaondoka, kikarudi. Trei ya mayai ikalia. Deno alikuwa anatafuna peremende.

Mkono wa Mama Nyambura ukapita juu ya begi ukashika wangu.

Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na ulishika kwa nguvu zote. Hapa ndipo huwa naifupisha, kwa hiyo safari hii nasema yote. Sikuutoa mkono wangu kwa kushtuka. Ningeshtuka ningejisamehe. Nilifikiri kwanza. Nilifikiria Senge, nikafikiria blanketi ambalo bado halijapelekwa, nikafikiria kwamba huyu mama akija kujua mila yetu atasema nilimdharau nilipomwacha anishike. Ndege ikadondoka tena, naye akakaza zaidi, na mimi nikaanza kuvuta. Nilivuta polepole ili isionekane. Hakuachia. Basi nikavuta kwa nguvu, kidole kimoja kimoja, mpaka mkono wangu ukatoka, nikauficha kwapani.

Alibaki na kiganja wazi juu ya begi langu. Halafu akainama mbele akashika mguu wa chuma wa kiti cha rubani kwa mikono miwili, akaanza kuomba kwa Kikikuyu, kwa sauti ndogo isiyokatika, mpaka tulipotua kugonga pasipoti. Tuliporuka tena hakungoja upepo. Alishika chuma kabla injini haijawaka.

Nilitazama nje. Nilikuwa nimeshinda, kwa hesabu yangu.

Kambini

Kabla ya kutua Deno alipita chini sana mara moja kufukuza mbuzi na kongoni uwanjani. Tulipokelewa na matope, na mzee mwembamba mwenye kofia ya manyoya aliyekuwa anawachapa mbuzi wa mwisho kwa fimbo. Huyo ni Lokiru, mchuna ngozi wa kambi. Alimsalimia Mama Nyambura kwa kumkumbatia kabisa, na yeye akamwegemea zaidi kidogo kuliko salamu inavyohitaji.

Kambi ni mahema machache chini ya migunga, jiko la turubai, na banda la kuchunia upande upepo unakoelekea. Mgeni alikuwa mmoja, mzee wa kizungu mkimya aliyekuja kwa ajili ya nyati. Najua mnataka kuuliza nilijisikiaje, mtu aliyesomea kuhifadhi wanyama. Nilijisikia ovyo siku nyati alipoletwa, ndiyo. Lakini watu wa vijiji vya karibu walikuja kuchukua nyama, wakaimba, na supu ya mkia aliyopika Mama Nyambura ilinukia kambi nzima. Nilijisikia ovyo zaidi kwamba siinywi mezani.

Maana wafanyakazi wote hula pamoja, meza moja ndefu mbele ya jiko, na yeye hukaa mwisho wa meza akiangalia nani amemaliza. Mimi nilikuwa nachukua sahani nakwenda kula kwenye banda la ngozi, pamoja na nzi na magunia ya chumvi. Lokiru alinivumilia kwanza. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kama chakula cha mama ni kibaya. Nikaona huyu ni mtu wa mila, ataelewa, nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho, akifuta kisu. Akasema hata wao wanamheshimu mama mkwe hivyo hivyo.

"Umepeleka ng'ombe ngapi?" akauliza.

"Bado."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa unamkimbia mama ya nani?" Akacheka mpaka akakaa juu ya ngozi mbichi. Kila nilipotokea na sahani baada ya hapo aliniuliza kama ng'ombe wamefika.

Siku chache baadaye meneja aliniita. Ni mzee wa Soroti anayeongea polepole kama mtu anayeshuka ngazi. Aliniambia kazi yangu haina tatizo, lakini Mama Nyambura ameomba nirudishwe na ndege ya chakula inayofuata. Nikauliza kwa nini. Akasema mama hakunisema vibaya. Alisema tu kwamba mtu ambaye hawezi kukaa karibu na watu hafai kufanya kazi mahali ambapo watu ni wachache. Halafu akaniuliza, kwa upole ulionikata, kama kwetu tunafundishwa kuwaona Wakikuyu wana uchafu.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja jikoni. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, alikuwa peke yake akichambua mchele kwenye uteo. Hata wakati huo, pamoja na aibu yangu yote, niliposogea karibu miguu yenyewe iligeuka, nikajikuta nimesimama nje ya turubai nimempa mgongo.

"Mama," nikasema, "nimekuja kusema."

"Sema na mimi, usiseme na mti."

Nikageuka, nikatazama uteo. Nikamweleza yote: Senge, soko, mkono, paa, meza, blanketi. Nilieleza vibaya. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikaomba radhi kwa ajili ya karai la maharagwe kabla ya kufika kwenye ndege. Yeye aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alikuwa amesimamisha vidole.

"Nyambura anajua hii maneno?"

"Hapana. Sikumuuliza."

"Na mimi hukuniuliza."

"Hapana."

"Ulisoma miaka ngapi, wewe?"

Akaokota kijiwe kwenye mchele akakitupa.

"Mimi nimekaa Kitale na Wabukusu tangu nikiwa msichana," akasema. "Nimewazalisha, nimewazika. Hiyo heshima yenu naijua. Lakini hiyo iko na njia yake. Watu wanakuja, wanaambiana, mama anajua anaheshimiwa. Wewe umeifanya peke yako ndani ya kichwa. Mimi ningejuaje? Mimi nimeona tu kijana ambaye hataki mkono yangu, hataki chai yangu, hataki nyumba yangu. Nikasema, sawa, pengine sisi si watu kwake."

Niliomba radhi tena. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali.

"Hiyo yote si kitu," akasema. "Lakini huko juu. Mimi kila mwaka napanda hiyo kitu peke yangu, nikifa kwa uoga, kwa sababu watoto wanataka karo. Mwaka huu nilimwambia Nyambura, mwaka huu niko na mtu. Unanisikia, Barasa? Nilimwambia niko na mtu."

Ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina. Nilimtazama usoni, nikasahau kila kitu nilichofundishwa Misikhu. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka tu, kama mama yeyote aliyeamka alfajiri kuwasha moto. Akachukua uteo wake akanipa mgongo.

"Maliza wiki zako," akasema. "Nitamwambia meneja. Na kama ni heshima ndiyo unataka, tutafanya heshima."

Kurudi Kitale

Sikuelewa maneno hayo mpaka jioni yake. Sahani yangu ililetwa bandani na Lokiru, imefunikwa. Nilipokwenda mezani siku iliyofuata, tayari kula na watu, Mama Nyambura akainuka akaondoka mpaka nilipomaliza. Tukikutana njiani alipisha, akajifunika uso na leso. Akiwa na neno la kuniambia alimwambia Lokiru anieleze, hata nikiwa nimesimama hapo hapo. Lokiru alifurahia kazi hiyo kuliko kuchuna. "Mama anasema hiyo kuni imelowa. Mama anasema umekonda. Mama anauliza ng'ombe wamefika?" Hili la mwisho naamini aliliongeza mwenyewe.

Sikujua kama naadhibiwa au nachezewa. Nililala nikilifikiria, nikaamka nikilifikiria. Mara naona amenisamehe, mara naona ananionyesha jinsi inavyouma, nami nikakubali kwamba hata kama ni hivyo anayo haki.

Siku ya kurudi, wiki zangu zimeisha na Mama Nyambura naye akienda nyumbani mapumziko, Deno alikuja na ndege tupu, viti vyote vipo. Nilikuwa nimepanga la kufanya. Ningekaa kando ya mama, na mkono wangu ungekuwa tayari juu ya goti kabla hatujafika mlimani. Lakini yeye alimwita Deno, akamwambia kitu, na Deno akaja kwangu akijikaza asicheke.

"Buda, mathe anasema wewe ni mkwe, hukai na yeye. Kuja mbele na mimi."

Basi nilikaa mbele na yeye akakaa nyuma kabisa. Tulipofika mlimani upepo ukatupokea kama kawaida yake. Ndege ikadondoka, nami nikasikia sauti ile ndogo ikianza nyuma yangu, maombi ya Kikikuyu yasiyokatika. Niligeuka. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti, macho amefumba. Kati yetu kulikuwa na safu ya viti vitupu, na mkanda wangu ulikuwa umefungwa, na hata kama ningeufungua sikuwa na ruhusa. Ruhusa niliikataa mwenyewe nilipokuwa nayo. Nilikaa nikisikiliza mpaka Kitale. Sijawahi kusikia kitu kirefu hivyo.

Nyambura alikuwa amekuja kutoka Eldoret kutupokea. Alikuwa amesimama kwenye ua na sweta la mama yake mkononi. Alimkumbatia mama, wakaongea Kikikuyu kwa muda, na mimi nikashusha mizigo ya watu wote ili niwe na cha kufanya. Nilisikia jina langu mara moja, na neno Karamoja, kisha Nyambura akaweka mkono mdomoni. Sikujua kama ni kicheko.

Akaja mpaka nilipokuwa. Mama yake alibaki pale pale, hatua chache tu, amenigeuzia mgongo na leso kichwani, akiangalia Deno akifunga ndege.

"Barasa," Nyambura akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa lakini sauti haikuwa ya kilio, "mama ananituma."

Mama Nyambura alisema kwa sauti ya kutosha uwanja wote, bila kugeuka, kwa Kiswahili ili nisikose neno. "Mwambie mkwe wangu, yeye ndiye alianza hii heshima, sasa aimalize. Alete wazee wake nyumbani Tuwan na waje na hiyo blanketi. Mimi siwezi kujificha na leso mpaka nizeeke."

Nyambura akanirudia yote, neno kwa neno, kama ilivyotakiwa. Nilikuwa na begi la mtu begani. Nilihisi uso unaniwaka mpaka masikioni. Nikamwambia amwambie mama nimesikia, na amwambie asante.

"Mama, anasema asante."

"Mwambie hiyo asante akae nayo," akasema Mama Nyambura. "Ataniambia mwenyewe, siku nitakapofunua uso."